Kanda Alizoziacha Mama

Lililonifanya nishike kalamu safari hii ni katoni moja ya maziwa ya unga, ambayo ndani yake hamna maziwa bali mna kanda thelathini na saba za kaseti. Katoni hiyo ilikuwa mvunguni mwa kitanda cha mama yetu, na mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulimzika mwishoni mwa mwaka jana. Arubaini ilipokwisha tulikutana wanawe watatu nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa, kugawana alivyoviacha. Leso zilipata mwenyewe, vyombo vikapata mwenyewe, cherehani ikachukuliwa na dada. Zilipobaki kanda, ndu yangu mkubwa akasema zichomwe.

Simlaumu. Yeye ni mtu wa safu ya mbele tangu ujana wake, na hoja yake aliieleza kwa upole bila ya kumkaripia mtu. "Kuna sadaka yenye kuendelea," alisema, "na kuna dhambi yenye kuendelea. Mama yuko kaburini. Kila atakayezisikiza nyimbo hizi na kucheza kiuno, sehemu yake itamwendea yeye. Wamtakia hayo?"

Dada akalia. Mimi, kwa kuwa ni mshairi, na watu hudhani mshairi hana la kuogopa, nikaambiwa niiweke katoni kwangu mpaka tutakapoafikiana. Nikaibeba begani mpaka nyumbani, nikamtafuta fundi wa kunitengenezea redio-kaseti iliyokuwa imelala miaka, na kwa muda wa miezi mitatu sasa nimekuwa nikisikiza kanda moja kila usiku baada ya swala ya Isha.

Msomaji aliyelelewa mwambao hatashangaa nikimtajia zilizomo. Mna Juma Bhalo kwa wingi, mna Zuhura Swaleh, mna Maulidi Juma, na mna Zein l'Abdin na udi wake wa Kilamu. Nyingi zilinunuliwa Mbwana Radio Service, duka ambalo wakati huo lilikuwa kama maktaba yetu ya taarabu. Nyengine zimenakiliwa kutoka redioni, na katikati ya wimbo husikika jogoo wa jirani akiwika, maana kunakili kwa siku hizo kulikuwa ni kuweka mashine mbele ya redio na kuwaambia watoto nyamazeni.

Nilidhani nitakumbuka mambo makubwa. Sivyo. Wimbo haukuletei mwaka mzima, hukuletea kipande tu, tena kipande usichokichagua. Sauti ya Zuhura na ule mlio wa tashkota hunirudishia alasiri, mama ameketi mkekani akishona kofia, uzi umo mdomoni mwake, na harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Sikumbuki ni mwaka gani wala tulikula nini. Uzi ule naukumbuka. Maulidi Juma hunirudishia harusi moja ya Kuze ambapo nilipotea kati ya wanawake, nikalala juu ya mapaja ya bibi nisiyemjua, na kila anapoinuka kwenda kumtuza mwimbaji hunilaza kwa jirani yake, akirudi akanichukua tena. Asubuhi nilijikuta nyumbani. Mpaka leo nikiisikia ngoma ile ya chakacha macho huwa mazito, na watu hudhani sipendi muziki!

Udi wa Zein nilikuja kuujua nikiwa mkubwa. Huo una mambo yake ya utu uzima, na si mahali pake hapa.

Lakini Bhalo ndiye aliyenifunza niliyoyafanya kazi maishani. Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir, ilichapishwa mwaka 1971, na mimi nilizaliwa mwaka huo huo. Diwani ile niliisoma nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Hata hivyo tungo za Ahmad Nassir nilikuwa nimekwisha kuzihifadhi, nisijue kuwa ni zake, kwa sababu nyingi alimtungia jamaa yake Juma Bhalo, na Bhalo alikuwa akiziimba katika redio yetu kutoka asubuhi mpaka jioni. Vina na mizani viliniingia kwa masikio kabla sijaambiwa kuwa vina majina. Alipokuja mwalimu wa skuli kutueleza kwamba mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole gotini nikiona zinatimia, kama mtu anayeelezwa nyumba aliyozaliwa ndani yake.

Redio yenyewe ilitoka Ghuba. Baba alikwenda Dubai mwaka 1977, kama walivyokwenda vijana wengi wa mji huu baada ya mafuta kuwafungulia watu kazi kule. Mwaka uliofuata akatuletea redio-kaseti kwa mkono wa msafiri, na pamoja nayo kanda yenye sauti yake. Vijana wa leo wenye simu huenda wasilijue jambo hili. Wakati ule barua ya mtu wa Ghuba mara nyingi ilikuwa ni kaseti. Baba huzungumza nusu saa, anamsalimu kila mtu kwa jina, anakohoa, anaeleza joto la huko, kisha anasema, "Na nyinyi nitilieni sauti zenu." Mama naye hutuketisha mbele ya mashine, kila mmoja akasema neno, na kanda ikapewa msafiri mwengine.

Sasa nieleze kisa cha henzirani. Mwaka 1980, mwaka aliokufa Mohammed Rafi, nilikuwa chuoni nikisoma Juzuu Amma. Maalim wetu alikuwa mtu mwema, ila mkono wake ulikuwa mwepesi. Siku moja nikiwa naandika ubao, nikajisahau, nikawa nauimba puani wimbo mmoja wa Bhalo. Sikutamka neno hata moja, sauti tu. Maalim akaniita mbele. Nilipigwa sita za mguuni, nikaambiwa kwamba kifua kinachobeba maneno ya Mwenyezi Mungu hakibebi na hayo. Nilikwenda nyumbani nikichechemea. Mama hakusema kitu, alinikanda kwa maji ya chumvi. Lakini redio haikufunguliwa siku tatu.

Ikaja Mfunguo Sita, Januari ya mwaka 1981, na chuo chetu kikajitayarisha kwa Maulidi. Kasida mpya ikaletwa, maneno ya Kiarabu ya kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Ndu yangu, ambaye sauti yake wakati huo ilikuwa kama filimbi, akachaguliwa kuongoza, na sisi wadogo tukawa waitikiaji. Maalim akaanza kutufunza mahadhi. Wallahi mahadhi yalikuwa yale yale! Yale niliyopigiwa sita za mguuni. Nikamtazama ndu yangu, naye akanitazama, tukainamisha vichwa.

Binamu yetu mmoja, aliyezoea kutoroka kwenda Regal na Naaz, ndiye aliyetufumbulia fumbo. Bhalo aliyachukua mahadhi kutoka filamu ya Kihindi, akayavisha Kiswahili, na mtunga kasida naye akayachukua huko huko, au pengine kwa Bhalo mwenyewe, akayavisha Kiarabu. Sauti moja ilikuwa imetoka Bombay, ikaingia harusini, ikaingia chuoni, na kila mahali ilipoingia watu waliiona ni yao tangu zamani.

Sikukihadithia kisa hiki ili nimcheke maalim wangu. Suala la muziki katika dini yetu halikuanza naye na halitakwisha na gazeti hili. Imamu Ghazali aliliwekea kitabu kizima ndani ya Ihyaa, akalipima kwa hali ya msikilizaji na kwa kinachosikilizwa. Wapo wanavyuoni wakubwa waliokataza moja kwa moja. Hapa kwetu, Habib Saleh alipoingiza Lamu Maulidi ya Al-Habshi yenye kupigwa matari, wapo waliomkubali na wapo waliomkataa, na leo maelfu husafiri kila mwaka kwenda kuyahudhuria Riyadha. Bhalo mwenyewe aliacha kuimba miaka kadhaa kabla ya kufariki dunia mwaka 2014. Ndu yangu ana wenzake wengi na ana haki ya kuogopa. Mimi pia huogopa, hasa usiku, mashine ikizimwa na nyumba ikanyamaa.

Kanda ya ishirini na sita ilikuwa haina jina. Upande wa kwanza ni Bhalo. Upande wa pili ni Bhalo tena, nyimbo nne, zote za mtu aliyeachwa. Wa nne ukakatika katikati ya ubeti, pakawa na kishindo cha kitufe, kisha nikasikia watoto.

Ilikuwa kasida ile. Ndu yangu anaongoza, umri wake miaka kumi na mitatu, sauti haina kovu. Nyuma yake tuko watatu au wanne tunaitikia, na mmoja wetu anatangulia kila mara kabla ya wakati. Tulipomaliza, mama akacheka, kicheko cha mwanamke wa miaka thelathini ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa kwa kuzoea kile cha uzeeni. Akasogea karibu na mashine. "Umewasikia wanao?" akasema. "Mkubwa ndiye aliyeongoza. Mdogo ndiye yule mwenye sauti ya kinda la kuku. Wauliza waja lini."

Kisha kanda ikafika mwisho.

Ilikuwa barua ya baba. Haikupelekwa. Mwaka ule wa 1981, baada ya Maulidi, ndipo ilipofika habari kwamba baba ameoa huko, na kanda zake zikakoma kuja. Alifia huko mwaka 1994. Mama hakulizungumza jambo hilo mbele yetu hata siku moja, na sisi hatukumwuliza. Sasa naiona njia aliyoipita. Aliichukua barua yake, akairudisha mwanzo, akaifunika kwa nyimbo mpaka pale nyimbo zilipomwishia, au mkono ulipomshinda.

Nilimwita ndu yangu. Alikuja Ijumaa baada ya swala, na kanzu yake nyeupe, akakaa kwenye kiti kilicho mbali na redio. Sikumweleza kitu. Niliufungua wimbo wa nne, akanikazia uso, akataka kuinuka. Nikamwomba astahamili dakika mbili. Ilipoingia kasida aliketi. Alisikiza mpaka kile kishindo cha mwisho, na muda mrefu hakusema neno.

"Aliyekuwa akitangulia ni wewe," alisema hatimaye.

Nikamwambia najua.

"Maalim alikwambia mara ngapi?"

Akaniomba niirudishe nyuma, tukaisikiza tena, halafu mara ya tatu. Chai ikapoa. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni aliniambia ya kuzichoma hatuyasemi tena kwa sasa, ila ile ya ishirini na sita apewe yeye. Ana kijana anayejua kuhamisha sauti kuingia kwenye simu, atabakisha kasida na maneno ya mama, nyimbo zitafutwa.

Nikamwambia hapana. Zile nyimbo nne pia ni maneno ya mama, alizichagua mwenyewe na akaziweka hapo kwa mkono wake. Akasema mtu aliyeumia hachagui. Nikamwambia mtu aliyeumia ndiye anayechagua hasa. Tulisimama hapo kizingitini tukizozana kama tulivyokuwa tukizozana wadogo, mpaka adhana ya Alasiri ikatutenganisha, tukaenda msikitini pamoja.

Ijumaa iliyofuata alikuja tena, na hii ni ya tano. Bado hatujaafikiana. Kanda iko mezani kwangu ninapoandika haya, na penseli imo ndani ya tundu lake.