Kingamwili na Kipokezi cha Histamini: Suala la Umahususi katika Maabara na katika Istilahi

1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukibeba jina la kemikali. Nakusudia kueleza jinsi kingamwili inavyotumiwa kutambua kipokezi cha histamini katika tishu za binadamu, kisha nionyeshe kwamba swali linalowasumbua wanamaabara ndilo linalotusumbua wanaistilahi: je, kitambulishi kimoja kinatambulisha kitu kimoja tu?

2.0 Histamini na vipokezi vyake

Histamini ni kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na asidi-amino iitwayo histidini. Athari zake zilielezwa na Henry Dale na Patrick Laidlaw mwaka 1910. Mzizi wa jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichofumwa. Nalo neno letu “tishu”, lililotufikia kupitia Kiingereza, asili yake ni Kifaransa, nako pia maana ni kufuma. Majina yote mawili yametoka kwa mfumaji.

Histamini haitendi kazi peke yake. Sharti ishikwe na kipokezi, yaani protini iliyopenya utando wa seli. Vipokezi vinavyojulikana ni vinne. H1 huhusika na mafua ya mzio na kuwashwa. H2 huchochea asidi ya tumbo. H3 hupatikana zaidi katika mfumo wa neva. Na H4, kilichotambuliwa mwaka 2000 na 2001, huonekana hasa katika seli za ulinzi wa mwili.

3.0 Kingamwili kama chombo cha utambuzi

Kingamwili ni protini ambayo mwili huiunda ili ishikamane na kitu kigeni. Mtafiti anayetaka kukitambua kipokezi aghalabu huchukua kipande kifupi cha protini yake, akamdunga sungura, na baadaye akakusanya kingamwili zilizojitokeza katika damu ya mnyama huyo. Tangu mwaka 1975, kwa ugunduzi wa Georges Köhler na César Milstein, inawezekana pia kupata kingamwili za aina moja tupu kutokana na ukoo mmoja wa seli.

Tishu ya binadamu huhifadhiwa kwa formalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya takribani mikromita 4 hadi 5. Kingamwili ya kwanza hutiwa ili ikishike kipokezi. Kingamwili ya pili, iliyobeba kimeng’enya, huishika ile ya kwanza. Na kimeng’enya hicho huzalisha rangi ya kahawia. Mwenye hadubini aonapo kahawia husema: kipokezi kipo hapa.

4.0 Rangi isiyo ushahidi

Je, ni kweli kipo? Vipokezi vya histamini ni vichache katika seli nyingi, na vina jamaa wanaofanana navyo; H3 na H4 ni mfano mzuri. Kingamwili inaweza kushika protini nyingine, na rangi ikatokea vilevile. Njia madhubuti ya kuijaribu ni kuitia katika seli au tishu ambayo jeni ya kipokezi imeondolewa. Rangi ikiendelea kuonekana, kingamwili imesema uongo.

Ndivyo ilivyotokea kwa H4. Mwaka 2012 watafiti wa Hannover, Ujerumani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kingamwili za kibiashara walizozijaribu hazikuwa na umahususi. Hasara yake si ndogo. Anayeamini rangi hiyo ataweza kutafuta dawa ya kuziba kipokezi mahali ambapo hakipo.

5.0 Funzo kwa wanaistilahi

Tulitazame sasa neno “kingamwili” lenyewe. Waandishi wengine hulitumia kwa molekuli niliyoieleza. Wengine kwa uwezo mzima wa mwili kujikinga. Neno moja limeshika dhana mbili, kama kingamwili mbovu inavyoshika protini mbili.

Vipimo vingi vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili katika damu. Mtu akiambiwa, “Tumekuta una kingamwili za VVU,” naye akalielewa neno kwa maana ya pili, atadhani amekingwa, ilhali ameelezwa kwamba kipimo kimeonyesha dalili ya maambukizi. Utata huo haubaki kamusini. Unaingia chumba cha daktari.

Napendekeza tuliache “kingamwili” lishike molekuli peke yake, na uwezo wa mwili tuuite “kinga ya mwili”, kwa maneno matatu. Aidha, istilahi ijaribiwe kama wanamaabara wanavyojaribu: iwekwe katika sentensi ambamo dhana yake haimo. Ikiwa msomaji bado anaipokea bila kushtuka, haijawa mahususi.

6.0 Hitimisho

Maabara imetufundisha kwamba kuona rangi si kuona kitu. Nasi tukumbuke kwamba kuwa na neno si kuwa na istilahi, mpaka neno hilo lijaribiwe mahali pasipostahili kulikubali, nalo likakataa.