Nyumba na kisima ni amana mikononi mwa mjenzi

Leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu wanaojenga: mwenye nyumba, fundi, na kamati ya msikiti inayokusanya michango ili kuinua madrasa. Tumewakusudia hasa walioko Majimoto, mkoani Katavi, ingawa tutakayoyasema yanamhusu kila anayeweka tofali juu ya tofali.

Katika Surat At-Tawba, aya ya 109, Mola wetu amewalinganisha watu wawili: aliyeusimamisha msingi wa jengo lake juu ya ucha Mungu, na aliyeujenga wake kwenye ukingo wa bonde linalomong'onyoka, likaporomoka pamoja naye. Wafasiri wameyaeleza maana ya ndani ya mfano huu. Lakini mfano haueleweki ila kwa anayejua kwamba msingi uliowekwa pabaya huanguka, na elimu hiyo ni ya wahandisi.

Ardhi ya Majimoto

Jina la Majimoto limetokana na chemchemi za maji ya moto. Maji hayo yanatukumbusha kwamba wakazi wa hapo wanaishi ndani ya Bonde la Ufa, upande wa Ziwa Rukwa, mahali ambapo ardhi haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, moja ya makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko jingine, la ukubwa wa 6.8, lilitokea katika Ziwa Tanganyika. Na tarehe 10 Septemba 2016 ndugu zetu wa Kagera walipata msiba wa tetemeko la 5.9, dogo kuliko hayo mawili, na bado nyumba nyingi ziliharibika na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha.

Tetemeko ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Ukuta uliojengwa kwa tope bila kufungwa pembeni ni kazi ya mikono yetu. Wataalamu wamethibitisha kwamba nyumba ya tofali huhimili mtikisiko zaidi inapokuwa na linta ya zege yenye nondo inayoizunguka yote kama mkanda, pembe zilizoshikamana, madirisha yasiyosogelea sana pembe, na paa jepesi lililofungwa barabara kwenye kuta.

Tumeonywa mara nyingi

Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, jijini Dar es Salaam, liliporomoka jirani na msikiti. Walifariki watu 36, na miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza hapo karibu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Hata Makka, Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015, winchi kubwa ya ujenzi iliangushwa na upepo mkali ndani ya Msikiti Mtukufu na watu zaidi ya 100 wakafariki; uchunguzi ulionyesha kwamba mkono wa winchi hiyo uliachwa umeinuliwa wakati haukuwa kazini.

Msikiti wa kijijini hauna ghorofa 16 wala winchi, lakini milango ya hatari ni ile ile. Jengo huanza kwa michango, likasimama miaka mitatu kuta zikinyeshewa, kisha mfadhili akaja na kutaka liongezwe ghorofa juu ya msingi ambao haukukusudiwa kuibeba. Fundi naye hubadilishwa katikati, na anayemfuatia hajui mwenziwe alizika nini chini. Usimamizi wa ujenzi ni elimu inayojitegemea kwa sababu hiyo: kuwepo mchoro, kuwepo kumbukumbu ya kila hatua, na kuwepo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa.

Udanganyifu uliofichwa ndani ya zege

Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kuukuta unyevu uliofunikwa kwa juu, naye akamkemea muuzaji kwa ukali. Tunawauliza mafundi wetu: zege lililopunguzwa saruji kisha likapigwa plasta na rangi lina tofauti gani na rundo lile?

Yako mambo ambayo hayahitaji fedha, yanahitaji uaminifu tu. Maji yakizidi katika zege, huwa rahisi kumwaga lakini nguvu yake hupungua. Zege lisilomwagiliwa maji kwa siku 7 kwa uchache hukauka kabla ya kukomaa. Wahandisi hulipima nguvu baada ya siku 28. Chumvi hula nondo, ndiyo maana watu wa pwani huonywa kutojenga kwa mchanga wa baharini. Vivyo hivyo maji ya chemchemi za moto, ambayo hutoka ardhini yamebeba madini, yasichanganyiwe zege kabla ya kupimwa.

Wazee wetu waliyajua haya. Katika mji wa Seville, Andalusia, karne ya 12, mwanachuoni Ibn Abdun aliandika kwamba vipimo vya tofali na mbao vitengenezwe kwa mti mgumu na kutundikwa katika msikiti mkuu, ili kila mtu aweze kulinganisha anachouziwa. Msikiti ulikuwa mahali pa kuswalia na mahali pa kumlinda mnunuzi.

Choo cha mmoja, kisima cha wengi

Nyumba haiishii ukutani. Mtume (SAW) amekataza kujisaidia katika maji yaliyotuama na kwenye vyanzo vya maji. Leo wengi wetu hatufanyi hivyo waziwazi, bali tunafanya kwa kupitia chini ya ardhi. Wataalamu wa afya hushauri shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kitako chake kibaki mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Bondeni, ambako masika huyapandisha maji hayo karibu na uso wa ardhi, kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa.

Watafiti wamepima maji ya bahari mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na kukuta vijidudu vya kinyesi kutokana na majitaka yanayomwagwa humo. Bahari ni kubwa na ina mikondo. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia humo kwa mito kama Kavuu hubaki humo. Basi mwenye kuchimba choo Majimoto ana jirani asiyemwona, na sheria yetu imekataza kumdhuru jirani.

Tufanye nini?

Tunazinasihi kamati za misikiti zisianze msingi kabla ya kumwita mhandisi wa halmashauri kuuona udongo, kwani udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi. Kwa jengo kubwa, wamtake mkandarasi aonyeshe usajili wake, kwani sheria za mwaka 1997 zimeweka bodi za kuwasajili wahandisi na makandarasi. Na fedha ikiwa kidogo, ni bora chumba kimoja imara kuliko ghorofa ya kutia hofu.

Mzazi anayemleta mwanawe madrasa hapimi unene wa linta wala haulizi idadi ya mifuko ya saruji. Anamwacha mlangoni, anaondoka kwa utulivu. Utulivu ule ndio amana, na Siku ya Kiyama tutaulizwa juu yake.