Kumtafiti Muyaka Maktabani
Mwanafunzi anayeandaa makala ya semina kuhusu Muyaka bin Haji asikimbilie kuteua mada. Atafute kwanza matoleo. Diwani aliyoihariri W. Hichens ilitoka mwaka 1940. Kitabu cha Mohamed Abdulaziz, chenye tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya kihistoria, kikatoka 1979. Wengi huvinukuu kama mashahidi wawili, ilhali vyote vinategemea hati alizozikusanya W. E. Taylor huko Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, ambazo zimehifadhiwa SOAS, London. Shahidi, basi, ni mmoja! Avilinganishe ubeti kwa ubeti. Wahariri wanapohitilafiana katika kusoma neno lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hapo ndipo mada ya makala huzaliwa.