SEKONDARI YA JUU: MAMBO YAMPASAYO MTOTO ILI AMALIZE SHULE VEMA
Maelezo kwa wazazi wa Isecheno na wilaya zote

Kwa wazazi wa Isecheno, kando ya Msitu wa Kakamega, na wa vijiji vyote vya Isukha na Idakho, jambo la shule si jambo dogo. Mahindi huuzwa, kuku huuzwa, na pengine ng'ombe naye hutolewa zizini, ili mtoto apate karo na sare. Basi yafaa mzazi anayetoa mali yake ajue vizuri mtoto anakwenda kusoma nini, na mambo gani yampasa ayatimize ili mwisho wake atoke na cheti chenye faida.

Mambo hayo yamebadilika. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Hao hawasomi kama kaka na dada zao walivyosoma, wala hawatamaliza kwa namna ile ile. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo.

ILIVYOKUWA ZAMANI

Wazee wanakumbuka kwamba zamani za ukoloni shule za sekondari zilikuwa chache sana. Shule ya Serikali ya Kakamega ilifunguliwa mwaka wa 1932, na kwa miaka mingi kijana aliyepata nafasi huko alihesabiwa kuwa mtu mwenye bahati kubwa. Mtoto aliyefika mwisho wa sekondari alifanya mtihani wa Cambridge, uliotungwa Uingereza.

Baada ya Uhuru mitihani ilirudi nyumbani hatua kwa hatua. Baraza la Mitihani la Kenya liliundwa mwaka wa 1980. Mwaka wa 1985 ukaanza mpango wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Na mwaka wa 1989 wanafunzi wakafanya mtihani wa KCSE kwa mara ya kwanza.

Katika mipango hiyo yote neno moja halikubadilika: mtihani wa mwisho ndio uliokuwa mwamuzi. Mtoto aliweza kulegea miaka mitatu, akajikaza mwaka wa nne, na asipatikane na hasara kubwa. Katika mpango mpya jambo hilo ni gumu, kwa sababu kazi ya miaka ya katikati nayo inahesabiwa, na kwa sababu uamuzi mkubwa hufanywa mapema, kabla mtoto hajavuka lango la sekondari ya juu.

MIAKA NA MADARASA

Mpango mpya una miaka miwili ya shule ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), mitatu ya sekondari ya juu (Gredi ya 10 hadi 12), kisha miaka mitatu au zaidi ya chuo.

Mwisho wa Gredi ya 9 mwanafunzi hufanya mtihani uitwao KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025. Mtihani huo hausemi kwamba huyu amepita na yule ameanguka. Kazi yake ni kuonyesha mtoto anafaa kuelekea njia gani. Matokeo yake huandikwa kwa ngazi nane, kutoka ngazi ya juu kabisa ya kuzidi matarajio hadi ya chini kabisa ya kutofikia matarajio.

Yafaa mzazi afahamu jinsi hesabu hiyo inavyofanywa. Katika kila alama 100, alama 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, alama 20 hutoka katika kazi zinazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na alama 60 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili asiyepeleka kazi yake kwa mwalimu amekwisha kuanza kupunguza alama zake. Haifai kungoja Gredi ya 9 ndipo atafutiwe taa ya kusomea.

NJIA TATU

Katika sekondari ya juu kuna njia tatu, na kila mwanafunzi huchagua moja.

Njia ya kwanza ni ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambayo watu huiita STEM. Ndani yake kuna sayansi zenyewe, kama biolojia, kemia na fizikia. Kuna sayansi za matumizi, kama kilimo na kompyuta. Na kuna kazi za ufundi, kama useremala, ujenzi, umeme na uhunzi.

Njia ya pili ni ya Sayansi za Jamii. Humo mna lugha na fasihi, historia na uraia, jiografia, masomo ya dini, na elimu ya biashara.

Njia ya tatu ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Humo mna muziki na ngoma, uchoraji, maigizo na filamu, na michezo.

Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba katika kila wanafunzi 100, wapatao 60 wangefuata njia ya kwanza, 25 njia ya pili, na 15 njia ya tatu. Lakini mtu asidhani kwamba njia yenye watu wengi ndiyo ya werevu, na nyingine ni za wajinga. Mwanasheria, mwalimu wa lugha na mwenye duka kubwa hutoka katika njia ya pili. Na watu wa Kakamega, ambao vijana wao wa kandanda wanajulikana Kenya nzima, hawahitaji kuambiwa kwamba mchezo nao ni kazi.

MASOMO SABA

Kila mwanafunzi wa sekondari ya juu husoma masomo saba. Manne ni ya lazima kwa wote: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Hisabati yenyewe ni ya namna mbili. Wale wa njia ya STEM husoma hisabati pana, na wale wa njia nyingine husoma hisabati ya mambo yanayohitajiwa katika maisha ya kila siku. Zaidi ya hayo, wote hupata mazoezi ya mwili na mafunzo ya kutumia kompyuta.

Masomo matatu yanayobaki mwanafunzi huyachagua mwenyewe, katika michanganyiko iliyoorodheshwa na Wizara. Hapa ndipo penye neno kubwa la makala haya. Masomo hayo matatu ni machache, lakini ndiyo yanayofungua mlango wa chuo au kuufunga.

Tuseme msichana wa Isecheno anataka kuwa muuguzi. Akichagua historia, dini na biashara kwa sababu rafiki zake wamechagua hivyo, huenda akafaulu vizuri sana katika masomo yake yote, kisha chuo cha uuguzi kisimpokee, kwa kuwa hakusoma biolojia. Hapo hakuna aliyemdhulumu; njia aliyoishika haikuwa inakwenda huko. Vivyo hivyo kijana anayependa useremala, akilazimishwa na baba yake kuchukua fizikia na kemia kwa ajili ya heshima, huenda akamaliza miaka mitatu bila kuwa fundi na bila kuwa daktari.

ULIZA SHULE INAFUNDISHA NINI

Shule zote za sekondari ya juu hazifanani. Nyingine zina njia zote tatu. Nyingine zina mbili tu, yaani STEM pamoja na njia moja nyingine. Tena shule yenye njia fulani si lazima iwe na kila somo la njia hiyo. Somo la kemia hutaka maabara, somo la umeme hutaka karakana, na somo la muziki hutaka mwalimu aliyelisomea.

Wanafunzi waliotangulia mwaka wa 2025 waliandika majina ya shule 12. Tisa zilikuwa za bweni, tatu katika kaunti ya nyumbani na sita nje ya kaunti. Na tatu zilikuwa za kutwa, karibu na nyumbani. Wengi waliweka bidii katika majina ya shule kubwa za mbali, na zile tatu za karibu wakaziandika kwa haraka. Hilo si shauri jema. Nafasi katika shule kubwa ni za kuhesabika, na watoto wengi wa mashambani huishia shule ya kutwa. Mwishoni mwa mwaka huo Wizara ilifungua muda wa kuomba kubadilishiwa shule, lakini mtu hawezi kubadilishiwa kwenda mahali palipokwisha kujaa.

Kwa hiyo mzazi aende kwa miguu yake mwenyewe katika shule za kutwa zilizo karibu, amwulize mwalimu mkuu maneno haya: Ni masomo gani yanayofundishwa hapa hasa? Kila somo lina mwalimu? Maabara ipo, na je, inatumika? Masomo ambayo mtoto wangu anayataka yanaweza kuchukuliwa pamoja? Maswali hayo hayana utovu wa adabu, na mwalimu mwema atafurahi kuyajibu.

Shule ya kutwa nayo isidharauliwe. Tangu mwaka wa 2008 Serikali inalipa gharama za masomo katika sekondari za kutwa za umma, na mwaka wa 2018 kiasi kilichowekwa kilikuwa Sh. 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mzazi hubaki na mambo kama sare na chakula cha mchana. Shule ya bweni huhitaji fedha nyingi zaidi.

HUDUMA KWA JAMII

Wazazi wengine wakisikia habari za mafunzo ya huduma kwa jamii hudhani kwamba watoto wanatumiwa kufagia soko. Sivyo. Mwanafunzi hufundishwa kutazama shida iliyopo kwao, kuichunguza, kutenda kazi ya kuipunguza, na kuandika habari ya kazi hiyo.

Watu wa Isecheno wana mahali pema sana pa kazi ya namna hiyo. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya misitu mikubwa ya mvua iliyotoka upande wa Kongo, nao una ndege, nyani na miti isiyoonekana mahali pengine katika Kenya. Tangu mwaka wa 1995 chama cha KEEP kimekuwa kikiwafundisha watoto wa shule papo hapo Isecheno habari za kuutunza. Mwanafunzi aweza kuotesha miche ya asili, au kupima chemchemi, au kuwaonyesha majirani jiko linalokula kuni chache. Kazi ya mikono yake itaufaa msitu, na pia itakuwa sehemu ya masomo yake.

ATAMALIZAJE?

Kumaliza sekondari ya juu ni kutimiza miaka mitatu katika masomo saba, kufanya kazi zote zinazopimwa shuleni, na kufanya mtihani wa taifa mwishoni mwa Gredi ya 12. Wanafunzi walioingia mwaka wa 2026 wamepangiwa kufika huko mwaka wa 2028. Mtoto anayekosa shule kila siku ya soko hupoteza alama ambazo mtihani wa mwisho hauwezi kuzirudisha zote.

Wale wa mpango wa 8-4-4 hawakusahauliwa. Kundi lao la mwisho liliingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2024, nalo limepangiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Kwao sheria ni ile yao: lazima mtahiniwa afanye masomo yasiyopungua saba, la sivyo hapati daraja la wastani. Tangu matokeo ya mwaka wa 2023, daraja hilo huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi. Daraja la C+ ndilo lililowekwa kuwa la chini kwa mtu anayetaka kusomea shahada katika chuo kikuu. Anayepata chini ya hapo ana vyuo vya ufundi na vya kazi mbele yake, wala asione kwamba njia imekwisha.

Kwa wote, wa zamani na wa sasa, yako mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, majina ya mtoto yaandikwe sawasawa na yalivyo katika cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa inaweza kumsumbua miaka mingi. Pili, asijaribu kununua mtihani, kwa maana matokeo ya udanganyifu hufutwa, na fedha ya mzazi imekwenda bure. Tatu, cheti cha mtihani ni mali ya aliyeufanya. Serikali imewaambia wakuu wa shule mara nyingi kwamba hawana ruhusa ya kukizuia kwa sababu ya deni la karo. Deni hulipwa kwa mapatano, na cheti hupewa mwenyewe.

Basi mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 8 au ya 9 asingoje siku ya mwisho. Akae naye jioni, amwulize anapenda kazi gani. Kisha aulize kazi hiyo yataka masomo gani. Kisha aulize shule gani iliyo karibu inayafundisha. Akiyajua hayo matatu kabla ya kuandika majina ya shule, karo yake haitapotea.