Imamu Ghazali na Falsafa: Alikataa Nini, Alikubali Nini?

Ndugu msomaji, katika darsa zetu huulizwa mara kwa mara: Je, yafaa Muislamu kusoma falsafa? Wapo wanaojibu upesi kuwa ni haramu, na hoja yao ni kwamba Imamu Abu Hamid al-Ghazali (Allah amrehemu) aliwakufurisha wanafalsafa. Wapo na vijana wasomi wanaodai kuwa Ghazali ndiye aliyezima elimu katika umma huu. Makundi yote mawili yanamsemea maneno ambayo hakuyasema.

Falsafa ni nini?

Asili ya neno hili ni Kiyunani, na maana yake ni kupenda hekima. Vitabu vya Aristotle na Wayunani wenzake vilifasiriwa kwa Kiarabu kwa wingi mjini Baghdad zama za Bani Abbas, hususan katika ukhalifa wa al-Ma'mun (813–833). Wakatokea al-Kindi, kisha al-Farabi (aliyefariki 950) na Ibn Sina (980–1037). Neno falsafa wakati ule lilikusanya mengi: hisabu, elimu ya nyota, tabia za vitu, mantiki, na mazungumzo juu ya Muumba.

Alisoma kwanza

Imamu Ghazali alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Alikuwa wa madh-hebu ya Shafii, na mwaka 484 Hijria (1091) aliwekwa kuwa mwalimu katika Madrasa Nidhamiyya ya Baghdad. Katika al-Munqidh min al-Dhalal anasimulia kwamba alivisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake, katika nafasi alizozipata baina ya kazi ya kusomesha, kwa muda usiotimia miaka miwili. Kisha akakaa karibu mwaka mzima akiyatafakari aliyoyasoma. Kwake yeye, kuijibu rai kabla ya kuielewa ni sawa na kutupa mshale gizani. Aliandika Maqasid al-Falasifa kueleza wanayoyasema, na Tahafut al-Falasifa kuwajibu.

Alizigawa elimu zao mafungu sita: hisabu, mantiki, elimu ya maumbile, elimu ya mambo ya Mungu (ilahiyyat), siasa na akhlaki. Hisabu, alisema, haina jambo la dini la kukanusha wala kuthibitisha. Mantiki nayo ni mizani ya dalili tu. Mwanafunzi wa fiqhi anaijua japo hajaipa jina: kila kilevi ni haramu, kinywaji hiki ni kilevi, basi kinywaji hiki ni haramu. Ndiyo maana kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa, alikifungulia kwa utangulizi wa mantiki.

Makosa yao mengi aliyaona katika ilahiyyat. Katika Tahafut alijadili masuala 20. Katika hayo, 17 aliyahesabu kuwa ni bidaa, na matatu tu ndiyo aliyoyahukumu kuwa ni ukafiri: kusema kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kusema kuwa Mwenyezi Mungu hajui mambo moja moja ila kwa ujumla, na kukanusha kufufuliwa kwa miili.

Madhara ya pande mbili

Imamu alionya juu ya watu wawili. Wa kwanza ni yule anayestaajabia uhakika wa hisabu zao, akadhani maneno yao yote yana uhakika kama huo. Wa pili ni rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani kuwa dini hutetewa kwa kukanusha kila walichokisema, hata maelezo yao ya kupatwa kwa jua na mwezi. Mtu aliyekwishaliona jambo hilo kwa dalili ya hisabu hataitilia shaka dalili yake, bali ataitilia shaka dini. Basi madhara ya mteteaji huyu ni makubwa kuliko ya mpinzani.

Jibu la Ibn Rushd

Wanafunzi wa fiqhi wanamjua Ibn Rushd (1126–1198), kadhi wa Sevilla na Cordoba, kwa kitabu chake Bidayat al-Mujtahid. Yeye alimjibu Ghazali katika Tahafut al-Tahafut, na katika Fasl al-Maqal alitetea kwamba sheria yenyewe inawataka wenye uwezo wazingatie kwa akili. Juu ya suala la pili kati ya yale matatu, alisema wanafalsafa hawakusudii kuwa Mola hajui. Wanasema tu kwamba elimu Yake si kama yetu, kwani elimu yetu hutokana na vitu, na vitu hutokana na elimu Yake. Hata hivyo naye alikubali kuwa vitabu hivi si vya kila mtu.

Tunajifunza nini?

Wanavyuoni hawa walikhitilafiana sana, lakini njia yao ilikuwa moja: hukumu hutolewa juu ya suala, si juu ya jina. Hili linamgusa imamu wa leo. Anapojiwa na kijana aliyesoma chuo kikuu na kuchanganyikiwa, asimwambie tu "hiyo ni falsafa, iache." Amuulize: ni kauli gani? Dalili yake ni ipi? Je, inapingana na asili ya dini, au na mazoea yetu tu? Kumkufurisha Muislamu ni jambo zito. Ghazali mwenyewe aliandika Faysal al-Tafriqa kuwatahadharisha wanaoliharakia. Na asiyejua aseme sijui, ampeleke kijana kwa anayejua.

Wallahu a'lam.