Sindano ya jicho inayookoa macho ya wazee, ikiwahi

Mzee akianza kulalamika kwamba haoni vizuri, familia nyingi huwa na majibu mawili tayari. La kwanza ni mtoto wa jicho: tutasubiri kambi ya madaktari ije, atafanyiwa upasuaji. La pili ni uzee, na uzee hauna dawa. Kwa wagonjwa wengi jibu la kwanza ni sahihi. Lakini upo ugonjwa mwingine ambao hauumi, hautoi tongotongo wala hauonekani kwa nje, na wakati ndugu wanasubiri kambi, unaweza kuharibu jicho kwa wiki au miezi michache tu. Ni ugonjwa wa kuzorota kwa makula unaoletwa na umri. Aina yake kali ina tiba, nayo ni sindano inayochomwa ndani ya jicho lenyewe. Wanaoikosa wengi huikosa kwa kuchelewa.

Nyuma kabisa ya jicho kuna retina, utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katikati ya utando huo pana eneo lenye kipenyo cha kama milimita 5, ndilo makula. Kusoma Kurani au Biblia, kutunga uzi kwenye sindano, kutofautisha noti ya elfu tano na ya elfu kumi, kumjua mjukuu kwa sura kabla hajatamka shikamoo: yote hayo hufanywa na eneo hilo dogo. Likiharibika, mtu haingii gizani. Pembeni bado anaona. Anavuka ua bila kujikwaa, anaikwepa ndoo iliyowekwa njiani, kisha anakupita wewe jirani yake bila salamu. Hapo ndipo maneno huanza, kwamba mzee ana dharau siku hizi, au anajifanya haoni anapotaka. Ukweli ni kwamba akikukazia macho, pale ulipo uso wako pana doa tu.

Ugonjwa huu una sura mbili. Ile inayoitwa kavu ndiyo ya wengi, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi. Uchafu wa rangi ya manjano hujikusanya chini ya retina na chembe za kuonea hufa polepole kwa miaka. Ya pili, yenye majimaji, huwapata wachache, lakini kabla ya sindano kupatikana ndiyo iliyosababisha sehemu kubwa ya upofu uliotokana na ugonjwa huu. Hapa mishipa mipya ya damu huota chini ya makula, mahali isipotakiwa, nayo ni dhaifu. Huvuja maji na damu, na retina iliyo juu yake huvimba kama plasta ya ukuta ambao bomba limepasuka ndani yake. Uvujaji ukizibwa mapema, uvimbe hushuka na macho hurudi kwa kiasi. Ukiachwa, panabaki kovu, na kovu halina sindano.

Uvimbe huo ndio unaoleta dalili ya kwanza, ambayo ni mistari kupinda. Fremu ya mlango inaonekana ina tumbo, nondo za dirisha zinacheza, mstari wa maandishi unazama katikati. Tatizo ni kwamba jicho zima hulifichia siri jicho bovu, na mtu akitazama kwa macho mawili hagundui kitu. Kwa hiyo kipimo cha nyumbani ni kuvaa miwani ya kusomea, kufunika jicho moja kwa kiganja na kutazama kitu chenye mistari iliyonyooka, kisha kubadilisha. Daktari Mswisi, Marc Amsler, alibuni karatasi ya miraba kwa kazi hiyo katika karne iliyopita, na kliniki za macho bado zinaitumia. Mistari ikipinda ghafla, hiyo ni dharura ya kupelekwa kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, wala si jambo la kungoja kambi.

Kuna wanaoamini kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba katika hatua zake kali yameonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hata hivyo, watafiti walipowapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru nchini Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, walikuta dalili za awali kwa asilimia 11.2 ya waliopimwa na hatua ya mwisho kwa asilimia 1.2. Nakuru ni Bonde la Ufa, si Ulaya. Kadiri watu wetu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo wagonjwa watakavyoongezeka.

Tiba yenyewe ilianzia kwenye saratani. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujioteshea mishipa ya damu, hivyo ukiizuia mishipa unaunyima chakula. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, mwanasayansi mzaliwa wa Sicily aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Genentech huko California, na wenzake waliitenga protini inayoamuru mishipa iote, ambayo inajulikana kwa herufi VEGF. Kingamwili ya kuikamata protini hiyo, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Jina lake la dukani ni Avastin. Kwa ajili ya macho kampuni hiyohiyo ilikuwa ikitengeneza dawa ndogo ya ukoo uleule, ranibizumab, ambayo huuzwa kwa jina la Lucentis.

Lucentis ilikuwa bado majaribioni, na wagonjwa walikuwa wakipofuka. Tiba zilizokuwapo, kama leza iliyochoma mishipa mibaya pamoja na retina iliyo juu yake, zilipunguza tu kasi ya hasara. Mwaka 2005, Philip Rosenfeld wa taasisi ya macho ya Bascom Palmer jijini Miami aliamua kuchukua tone la Avastin, dawa ya saratani iliyokuwa tayari famasi, na kulichoma ndani ya jicho. Picha za retina zilionyesha maji yakikauka. Habari ilienea duniani kwa kasi kubwa, maana daktari yeyote aliyekuwa na kichupa cha Avastin angeweza kujaribu.

Lucentis iliidhinishwa mwaka uliofuata, 2006, kwa ushahidi ambao taaluma ya macho haikuwahi kuuona. Katika jaribio lililoitwa MARINA, wagonjwa waliochomwa dozi kamili kila mwezi waliongeza kwa wastani herufi 7.2 kwenye ubao wa kupimia macho baada ya mwaka mmoja. Wale ambao hawakupewa dawa walipoteza 10.4. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa makula aliambiwa kwamba anaweza kuona vizuri zaidi ya alivyokuja.

Lakini dozi moja ya Lucentis iliuzwa Marekani kwa karibu dola 2,000, ilhali tone la Avastin liligharimu kama dola 50. Uingereza, nchi tajiri, ilitishwa na bei hiyo kiasi kwamba mwaka 2007 chombo kinachoamua dawa za huduma ya afya ya taifa kilipendekeza sindano itolewe kwa jicho lenye nafuu tu, ugonjwa ukishayashika yote mawili. Maana yake mgonjwa asubiri kwanza apoteze jicho moja. Watu walipiga kelele, na mwongozo wa mwisho wa mwaka 2008 ukaliondoa sharti hilo. Serikali ya Marekani iligharimia jaribio la kuzishindanisha dawa hizo mbili, na matokeo ya mwaka wa kwanza yakatoka 2011. Waliopewa Lucentis kila mwezi waliongeza herufi 8.5, wa Avastin herufi 8.0. Kwa macho ya mgonjwa hiyo ni sare. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza bevacizumab ya macho katika orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza kampuni za dawa za Roche na Novartis faini ya zaidi ya yuro milioni 180, ikisema zilishirikiana kuwatisha watu waione dawa ya bei nafuu kuwa ya hatari.

Naieleza vita hiyo kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Kama ile dozi ya dola 50 ingezuiwa, wazee wetu wasingekuwa na tiba hii kabisa. Dawa inayowafikia wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki ni bevacizumab, na si wa makula pekee. Wenye kisukari ambao retina zao zimevimba huchomwa sindano hiyohiyo. Ukiambiwa unapewa dawa ya saratani, usidhani umebahatishiwa.

Lipo jambo moja la kuulizia, nalo ni usafi. Kichupa kimoja cha Avastin kina mililita 4, na jicho linahitaji mililita 0.05 tu, kwa hiyo hugawanywa kwa wagonjwa wengi. Bei nafuu inatokana na mgawanyo huo, na hatari inatokana hapohapo. Mwaka 2011 wagonjwa 12 huko Florida walipata maambukizi makali baada ya dozi zao kuchafuliwa zilipokuwa zikigawanywa. Septemba 2023, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, makumi ya watu waliumizwa macho kwa njia hiyo hiyo. Kosa halikuwa la dawa yenyewe. Kazi hiyo ni ya mfamasia, katika chumba safi chenye vifaa vyake, na hospitali isiyo nacho haipaswi kuifanya. Muulize daktari wako dozi inaandaliwa wapi. Ni haki yako, naye akiwa makini hatakasirika.

Kinachowatisha wengi si bei wala usafi, ni wazo la sindano kuingia jichoni. Wapo wanaokimbia kutoka kwenye benchi la kliniki, na siwalaumu. Basi niseme kinachofanyika. Unalazwa chali. Unatiwa matone ya ganzi, kisha jicho na kope vinasafishwa kwa dawa ya iodini, ambayo ndiyo ngao kuu dhidi ya vijidudu. Kifaa kidogo kinashikilia kope ili usipepese. Unaambiwa utazame pembeni, na sindano nyembamba sana inaingia kwenye weupe wa jicho, kiasi cha milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Huioni ikija. Unahisi kama unabonyezwa, na baada ya sekunde chache imekwisha. Jioni jicho huwasha kwa sababu ya iodini, huweza kuwa na wekundu, na vidoadoa huelea kwa siku moja au mbili. Usilisugue. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au macho yakififia katika siku zinazofuata, rudi hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ya ndani ni nadra, chini ya sindano 1 kati ya 1,000, lakini hayasubiri kesho.

Gumu zaidi ni kwamba sindano moja haitoshi. Kwa kawaida huanza tatu, moja kila mwezi, kisha daktari hupima retina kwa mashine ya OCT na kurefusha nafasi taratibu kama maji hayajarudi. Hii ni safari ya miaka. Wagonjwa wa lile jaribio la Marekani la kuzishindanisha dawa mbili walipofuatiliwa baada ya miaka 5, wengi wao wakiwa wamerudi katika huduma ya kawaida, karibu nusu bado waliona kiwango cha 20/40 au zaidi, kinachotosha leseni ya udereva katika majimbo mengi huko. Lakini kwa wastani herufi walizoongeza mwanzoni zilikuwa zimepotea. Kwetu, ambako madaktari bingwa wa retina ni wachache na wengi wako miji mikubwa, nauli ya kutoka kijijini inaweza kukatisha tiba kuliko bei ya dawa. Bima inayolipia sindano ya kwanza na kugoma ya nne inapoteza fedha na jicho pia.

Wenye aina kavu hawahitaji sindano hii. Vidonge vya vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini, kwa vipimo vilivyothibitishwa na utafiti wa Marekani uitwao AREDS2, hupunguza uwezekano wa ugonjwa kusonga mbele kwa walio katika hatua ya kati. Havimsaidii mwenye macho mazima. Kuacha sigara kunamsaidia kila mtu.

Kuna jambo jingine ambalo wazee hulificha. Makula ikiharibika, ubongo unaweza kujichorea picha zake: watoto uani, ndege ukutani, wageni waliovaa vizuri na wasiosema neno. Mswisi Charles Bonnet aliyaandika hayo mwaka 1760 kumhusu babu yake, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Si wazimu, na wala si majini. Mzee hunyamaza akiogopa kupelekwa kwa mganga au kuitwa mchawi, na woga huo humtesa kuliko picha zenyewe. Mwulize kwa upole kama anaona vitu ambavyo wengine hawavioni, kisha mwambie vinatoka wapi.

Na kama mama au babu yako ameshaanza sindano, usimwachie kadi ya kliniki peke yake. Hawezi kuisoma. Tarehe ya sindano inayofuata iwe kwenye simu yako wewe, nauli yake iwekwe kando mapema, na siku hiyo awepo mtu wa kumsindikiza.