Sura ya Nne: Fahali wa Mistari Michache

Desemba 1945, katika karakana ya kupiga chapa ya Fernand Mourlot jijini Paris, Pablo Picasso alimchora fahali juu ya jiwe. Akapiga chapa, kisha akarudi kulichokoa na kulichora upya jiwe lilelile, mara baada ya mara, hadi Januari 1946 zikapatikana hatua 11. Ajabu ni kwamba hatua ya pili ilimwongezea mnyama uzito. Kupungua kulianza baadaye: misuli ikawa vipande, vipande vikawa mistari, kichwa kikanywea. Fahali wa mwisho ni mgongo, miguu, mkia, pembe na alama ya udume wake, basi. Hata hivyo, ukimwona humdhanii punda.

Huo ndio udhahania: kuamua cha kuacha.

Lugha hufanya kazi hiyohiyo kutwa na hakuna anayeipa sifa. Neno “ng'ombe” halitaji rangi, umri wala jinsia. Mwuza nyama linamtosha. Mfugaji halimtoshi hata kidogo. Yeye anataka kujua kama ni ndama, mtamba, fahali au maksai, maana bei na matunzo vinatofautiana. Ukipanda juu zaidi utasema “mnyama”, halafu “kiumbe”, na kila ngazi inaacha kitu chini. Kisha kuna nomino dhahania, kama “ukali”, ambazo huitenga sifa na mwenye nayo kabisa.

Wanafalsafa waligombana hapo. John Locke, katika kitabu chake kilichotoka na tarehe ya 1690, alisema akili inaweza kuunda wazo la jumla la pembetatu, lisilo la pembetatu ya aina yoyote mahususi, na kwa namna fulani likawa la zote. George Berkeley, mwaka 1710, alilikataa: jaribu kuiwaza pembetatu hiyo uone kama itakuja. Kwake, tunawaza pembetatu moja yenye pande zake halisi, ila katika kuthibitisha hatuzitumii sifa zake za pekee.

Mimi niko na Berkeley, na shahidi wangu ni Picasso. Hata fahali wa 11 ana pembe zenye mpindo wake na mkia ulioanguka upande mmoja. Fahali wa jumla, asiye na umbo lolote, hakumchora, na hakuna awezaye kumchora.